Kesi Imeingilia Mlango Gani?

Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania hawamwoni shahidi. Hawamsikii akisita kabla ya kujibu, hawajui kama aliposema "ndiyo" alikuwa ametazama chini, wala hawana nafasi ya kumuuliza swali ambalo wakili alilisahau. Kinachowafikia ni kitabu. Kurasa zimechapwa, zikapewa namba, zikajalidiwa: sababu za rufaa, hati ya mashitaka au ya madai, mwenendo wa shauri, vielelezo, hukumu ya mahakama ya chini, hukumu ya Mahakama Kuu. Hizo ndizo kumbukumbu za rufaa. Jambo lisilokuwamo humo, kwa majaji watatu walioketi mbele, halikutokea.

Na kitabu hicho kina chimbuko lake. Kwa miaka mingi hakimu wa mahakama ya wilaya amekuwa akimsikiliza shahidi kwa Kiswahili huku akiandika kwa Kiingereza, kwa mkono, akikimbizana na maneno. Mama aliyechukua dakika kumi kueleza jinsi alivyomtambua jambazi kwa mwanga wa koroboi anaweza kuishia mistari mitatu. Baadaye karani anaichapa, na mistari hiyo mitatu ndiyo mawakili watakayobishania, pengine miaka saba baada ya tukio, mama mwenyewe akiwa hayupo ukumbini. Sheria iliyopitishwa 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za Rufani bado zinatoka kwa Kiingereza.

Nimeanza na karatasi kwa makusudi. Wengi wanaoapa kwamba "nitakwenda mpaka Rufani" wanaamini huko juu jambo zima litapimwa upya tangu mwanzo. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, na tofauti haitokani na uzito wa dhuluma wala machozi ya aliyedhulumiwa, bali na njia ambayo shauri limepitia. Ndoa ina mlango wake, wizi una wake, kodi ina wake, na ukishaingia, kila mlango una maswali yake unayoruhusiwa kuuliza. Kabla ya kuuliza nani ana haki, majaji huuliza shauri hili limefikaje hapa.

Mahakama yenyewe si kongwe. Chini ya Waingereza rufaa za eneo letu zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na aliyeshindwa huko, kama mfuko uliruhusu, aliweza kuendelea hadi Baraza la Wazee wa Mfalme kule London. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962 ikaukata mguu wa London. Mguu wa Nairobi, ule wa mahakama ya Afrika Mashariki, ulikatika wenyewe 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na 1979 nchi ikaanzisha mahakama yake chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeiongoza mpaka 2000. Kenya na Uganda zimeweka Mahakama ya Juu kabisa juu ya mahakama zao za rufani. Tanzania haikufanya hivyo. Hapa Rufani ndiyo mwisho wa ngazi.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Nchini Kenya, chini ya Katiba ya 2010, rufaa ya kawaida haifiki Mahakama ya Juu mpaka iwe inahusu tafsiri ya Katiba au ithibitishwe kuwa ina maslahi mapana kwa umma. Majaji wa huko wanaweza kukaa na maswali machache makubwa. Majaji wa Rufani wa Tanzania hawana chujio la namna hiyo. Mtu aliyefungwa na mahakama ya wilaya kwa unyang'anyi ana haki ya kufika mbele yao sawa na kampuni ya madini inayobishana na Mamlaka ya Mapato (TRA), na ratiba ya kikao kimoja cha Mwanza au Mbeya inaweza kubeba ubakaji, mpaka wa shamba, talaka na mkopo wa benki ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana milango inalindwa sana. Bila walinzi, nyumba ingefurika.

Tuanze na jinai. Mshitakiwa wa mauaji husomewa kesi yake Mahakama Kuu, kwa hiyo akikata rufaa, Rufani ndiyo mahakama yake ya kwanza ya rufaa. Hapo majaji wanawajibika kuupitia ushahidi wote upya, shahidi kwa shahidi, na kufikia uamuzi wao wenyewe, ilimradi wakumbuke kwamba aliyemwona shahidi kwa macho ni jaji wa chini. Mshitakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambaye kifungo chake hakipungui miaka 30, huanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Rufaa yake ya kwanza imeshasikilizwa Mahakama Kuu, na akifika Rufani yuko kwenye rufaa ya pili. Sheria ya Mamlaka ya Rufaa inasema huko aje na hoja za kisheria tu. Kama mahakama mbili zimekubaliana kwamba alikuwepo eneo la tukio, majaji hawataligusa hilo, isipokuwa pale mahakama hizo zilipouelewa vibaya ushahidi au zilipouruka. Msimamo huo umesimama tangu 1981, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa.

Mfungwa hana habari na mgawanyo huu. Rufaa yake imeandikwa gerezani, aghalabu na mfungwa mwenzake anayesifika kwa kujua sheria, ikapitia kwa mkuu wa gereza, chini kabisa ikiwa na alama ya dole gumba. Sababu za rufaa zinaweza kufika kumi na tano, nusu yake zikirudia kitu kilekile. Siku ya kusikilizwa anasimama na sare yake ya rangi ya chungwa bila wakili. Akiulizwa kama ana la kuongeza, jibu lake limezoeleka mno mahakamani hapo: Waheshimiwa Majaji, naomba wakili wa Serikali aanze, mimi nitajibu baadaye. Ni mbinu nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu si mara chache wakili wa Serikali husimama na kusema kwamba Jamhuri inaunga mkono rufaa.

Kwa nini Jamhuri ikubali kushindwa? Sababu mbili hujirudia. Ya kwanza ni utambuzi wa usiku. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na wa hatari, na haufai kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimfahamu kabla au alimwona siku hiyo hiyo? Hukumu za baadaye zimezidi kukaza: haitoshi kusema kulikuwa na taa, lazima ieleweke ni taa gani, ilikaa wapi, iliangaza kiasi gani. Mistari mitatu ya hakimu inakuja kudai deni lake hapo. Huenda mama alieleza vizuri kabisa kwamba koroboi ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwa jambazi, lakini kilichoandikwa ni kwamba palikuwa na mwanga. Miaka 30 inafutika.

Sababu ya pili ni nyaraka. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake la 2003, utaratibu ni kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Kisiposomwa, kinaondolewa kwenye kumbukumbu. Fomu ya polisi ya matibabu, maarufu PF3, huondolewa hivyo kila mara, na maelezo ya kukiri kosa huondolewa hivyo pia. Mtaani hilo huonekana kichekesho: mtu ameachiwa kwa sababu karatasi haikusomwa? Mimi niko upande wa majaji. Mshitakiwa ambaye hajui kilichoandikwa kwenye karatasi ya kumfunga hawezi kuijibu. Tena karatasi ikiondoka, maneno ya daktari aliyesimama kizimbani na kueleza alichokiona hubaki palepale. Panapotokea kuachiwa, mara nyingi ni kwa sababu upande wa mashtaka uliegemea karatasi peke yake.

Kasoro ikiwa ya mahakama yenyewe, majaji wana njia nyingine: kufuta mwenendo wote na kuamuru kesi ianze upya. Hapo wanaongozwa na uamuzi wa ile mahakama ya zamani ya Afrika Mashariki, Fatehali Manji wa mwaka 1966, kwamba kesi haianzishwi upya ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu waliyoyaacha mara ya kwanza. Jumuiya ilikufa, busara yake ikarithiwa.

Upande wa madai hali ni nyingine, na shauri linaloonyesha vizuri kuliko yote ni la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala, pale Kariakoo. Ndoa imevunjika, nyumba ni ya mume, mke anadai sehemu yake. Hakutoa fedha ya kununulia hata bati moja. Alipika, alifua, alitunza nyumba. Mahakama ya Mwanzo ikaona yeye alikuwa mke tu, na fedha zilikuwa za mume. Mahakama Kuu nayo haikumpa kitu.

Kesi iliyozaliwa Mahakama ya Mwanzo ndiyo yenye mlango mwembamba kupita zote. Haiingii Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwa maandishi kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Bi Hawa akavuka, akisaidiwa na kamati ya msaada wa sheria ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hoja ilikuwa moja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu kugawana mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Je, kazi za nyumbani ni jitihada? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika kwa miaka kadhaa, wengine wakisema jitihada ni fedha au jasho la kujenga, wengine wakisema hata aliyelea watoto amechuma.

Mwaka 1983 Nyalali, akiwa na majaji Makame na Kisanga, hakuanza na kamusi. Aliuliza sheria ile ilitungwa ili kutibu ugonjwa gani. Jibu lake likawa kwamba ilikusudiwa kumkomboa mke aliyekuwa akinyonywa na mumewe, na tafsiri isiyotambua kazi za nyumbani ingeuacha ugonjwa bila dawa. Kazi za nyumbani zikahesabiwa kuwa mchango. Hakuna mwanafunzi wa sheria nchini asiyeijua hukumu hiyo, na wake wengi waliogawiwa mali tangu wakati huo wamepitia juu yake.

Wanaokumbuka kilichompata Bi Hawa mwenyewe ni wachache. Kumbukumbu zilionyesha kwamba mumewe aliwahi kumpa shilingi 15,000 aanzishie biashara kwa faida ya familia, naye akazitapanya. Majaji wakasema fedha hizo ndizo zilizokuwa sehemu yake, na kwa kuwa alishazitumia, hapakuwa na kingine cha kumpa. Akatoka mikono mitupu. Ukitazama hoja iliyoandikwa kwenye kile kibali utaelewa kwa nini iliwezekana: Mahakama iliitwa kujibu swali la wake wote, ikalijibu vizuri, kisha ikageukia hesabu ya mke mmoja. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na sijawahi kuridhika na ukurasa wake wa mwisho. Shilingi 15,000 za mtaji zilipimwaje dhidi ya nyumba? Na baadaye Mahakama ikazidi kudai hesabu. Katika shauri la Kurwijila dhidi ya Malongo, lililoamuliwa Tanga mwaka 2020, ilikumbusha kwamba kiasi cha mchango lazima kithibitishwe kwa ushahidi, hakidhaniwi tu.

Ardhi nayo ina mambo. Mwaka 1987 baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walifungua shauri Arusha kudai shamba lao la kimila la Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu ya wakati ule, walilopokonywa wakati wa operesheni ya vijiji. Wakashinda, wakarudi shambani. Rufaa ya wapinzani wao ikiwa bado inasubiri, Bunge likatunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika maeneo ya vijiji vya operesheni, ikakataza fidia, ikazizuia na mahakama kusikiliza madai ya aina hiyo. Suala likahama kutoka kwenye mpaka wa shamba likawa la Katiba. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24. Haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Kwa nchi ambayo wakulima wake wengi hawana hati, sijui hukumu iliyogusa watu wengi zaidi ya hii.

Lakini mashauri mengi ya ardhi hayafiki kwenye maneno makubwa kama hayo. Yanakwama kwenye utaratibu. Anayetaka kukata rufaa ya madai ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio, na siku 60 kutoka hapo za kuwasilisha kitabu chote. Kwa kuwa mwenendo wa shauri hauchapwi kwa siku 60, anaandika barua kuuomba ndani ya siku 30 za hukumu, nakala anampelekea mpinzani wake, na Msajili humpa cheti cha kuthibitisha siku zilizopotea kwa kusubiri. Barua ikichelewa, nakala isipofika, au tarehe ya cheti ikakosewa, rufaa inafutwa. Haitupwi kwa kuwa haina haki. Inafutwa tu, na mwenye fedha na uvumilivu anaweza kuomba aongezewe muda na kuanza upya. Kwa miaka kadhaa kusoma hukumu za Rufani za madai kulikuwa kama kusoma ripoti za ukaguzi.

Mwaka 2018 Bunge liliingiza kwenye sheria kile ambacho mawakili, kwa kuiga Kenya, wanakiita kanuni ya oksijeni: mahakama iangalie haki ya msingi, isinyongwe na taratibu. Muda si mrefu, kikao cha Mwanza kikapata shauri la Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, lililotoka baraza la kata. Sheria ilitaka baraza liwe na wajumbe wanne hadi wanane, watatu wao wanawake, na kumbukumbu hazikuonyesha nani alikuwa mwanamke. Miaka miwili kabla ya hapo kasoro ya namna hiyo ingeweza kuua kila kitu. Majaji wakauliza ni nani aliyeumia, wakaona hakuna, wakaendelea. Mawakili wakashangilia mapema mno. Ndani ya mwaka huohuo, kijiji cha Mondorosi cha Loliondo kilipoomba oksijeni hiyohiyo katika mgogoro wake na Tanzania Breweries, Mahakama ilikataa: kanuni mpya haiwezi kutumika kiholela kuruka masharti yanayogusa msingi wa shauri. Tangu hapo mawakili wameendelea kugombania kasoro ipi ni ya msingi na ipi ni ya pembeni, na sidhani kama Mahakama imeshachora mstari unaoonekana vizuri. Kilichopungua kweli ni mlango mmoja. Mwishoni mwa 2023 sheria iliondoa sharti la kuomba ruhusa kabla ya kukata rufaa katika mashauri mengi ya madai. Sharti la kibali kwa kesi za Mahakama ya Mwanzo limebaki.

Kodi na kazi tuzipitie haraka. Mgogoro wa kodi unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha unaruka moja kwa moja mpaka Rufani bila kugusa Mahakama Kuu, na huko ni hoja za kisheria tu. Mgogoro wa kazi hutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukapita Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, nao ukifika juu ni sheria tu. Mawakili wa kodi ni hodari wa kuvika hesabu joho la sheria, ndipo Mahakama, katika shauri la Atlas Copco la 2020, ikaeleza hoja ya kisheria ni ipi: tafsiri ya sheria, namna ilivyotumiwa, na hitimisho lisiloungwa mkono na ushahidi wowote au lisiloweza kufikiwa na chombo chenye akili timamu. Hiyo ya tatu ndiyo dirisha lililoachwa wazi, na kila wakili analijua. Mwaka huohuo majaji waliamua swali zito: je, African Barrick Gold, kampuni iliyoandikishwa Uingereza na yenye hisa zake soko la London, ni mkazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi? Wakasema ndiyo, na kampuni ikabaki na dai la dola zaidi ya milioni 41.

Katiba ndiyo mlango ambao Mahakama huonekana kubadilika uso. Kuhusu dhamana, ukifuata hukumu zake huwezi kujua zimeandikwa na mahakama moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shauri la Daudi Pete, ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana washitakiwa wa unyang'anyi. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, ikafuta uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Kisha Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, ikageuza uamuzi wa Mahakama Kuu na kusema orodha ya makosa yasiyo na dhamana haivunji Katiba. Yako makosa ya kutakatisha fedha kwenye orodha hiyo, na watu wamekaa mahabusu miaka kwa ajili yake. Hoja ya majaji ni kwamba Bunge, na si hakimu, ndilo lililopima hatari. Kwangu mimi Daudi Pete alikuwa ameshaijibu.

Hukumu ya kifo nayo ilifika kwa mtindo wa kushangaza. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliitangaza kinyume cha Katiba mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu. Rufani, mwaka uliofuata, ilikubaliana naye kwamba kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha mtu, kisha ikasema bado ni halali kwa sababu ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliona kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo bila chaguo ni ukiukaji wa haki. Tanzania ilikuwa imekwishaandika kujiondoa katika tamko linaloruhusu wananchi kufungua mashauri yao huko.

Panapokuwa na jambo kubwa, jopo hukua. Kawaida ni watatu, kwa mambo mazito watano. Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi liliketiwa na saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani. Juni 2010 wakasema mahakama haina uwezo wa kufuta kifungu cha Katiba yenyewe; kama wananchi wanataka mgombea binafsi, mlango ni Bunge. Mtikila akaenda Arusha, akashinda 2013. Mgombea binafsi hajapatikana. Lakini katika ndoa za utotoni Mahakama haikusita. Oktoba 2019, katika rufaa ya Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, ilishikilia kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 na hata 14, ni batili, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ulipita.

Kuna vyumba ambavyo mahakama hii haina funguo zake kabisa. Inasikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, lakini tafsiri ya Katiba ya Zanzibar haiifikii, wala masuala ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi. Mgogoro wa Muungano kati ya serikali mbili umewekewa Mahakama Maalumu ya Katiba, wajumbe nusu kwa nusu, na uamuzi wake unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Hata hivyo swali la Muungano lilipenyea mlango wa jinai. Wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF, akiwamo Machano Khamis Ali, walikuwa mahabusu Zanzibar kwa shitaka la uhaini. Novemba 2000 majaji wa Rufani walisema uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola hapa ni Jamhuri ya Muungano. Haiwezekani kuihaini Serikali ya Zanzibar. Kilichoanza kama ombi katika kesi ya jinai kikaacha uamuzi wa kikatiba ambao siasa za Visiwani bado hazijaumeza.

Je, Mahakama inaweza kujikosoa? Inaweza. Tangu shauri la JUWATA dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, miaka ya 1980, ilijiwekea kwamba hufuata hukumu zake, ila inaweza kuziacha ikiona sababu. Ilifanya hivyo polepole kuhusu watoto. Sheria ilibadilishwa 2016 ili mtoto mdogo asiyeweza kuapa aahidi kusema kweli, na 2019, kikao cha Bukoba kikasema ahadi isipoonekana kwenye kumbukumbu ushahidi hauna thamani. Watoto waliobakwa wakapoteza kesi kwa sababu hakimu hakuandika sentensi moja. Hukumu za baadaye zimelegeza kamba hiyo.

Aliyeshindwa ana ombi moja la mwisho, kwamba majaji waipitie tena hukumu yao wenyewe, ndani ya siku 60, kwa sababu zilizotajwa kwenye Kanuni za 2009: kosa la dhahiri lililozaa dhuluma, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi uliokuwa batili, kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa ulaghai. Wafungwa huyaandika maombi haya kwa wingi, na karibu wote huchagua kosa la dhahiri. Kisha wanajaza kurasa kumi kulieleza. Jibu la Mahakama halijabadilika tangu shauri la Chandrakant Patel la 2004: kosa linalohitaji maelezo marefu namna hiyo si la dhahiri, na ombi la kusikilizwa upya limevaa nguo ya mapitio. Maombi yanatupwa, na nakala ya uamuzi inapelekwa kwa mkuu wa gereza.